Mteja wa Kwanza

Machakos,
14 Septemba 1997

Shangazi yangu Kalondu,

Ni mimi Syombua, na ukiona mwandiko unayumba usidhani ninaumwa. Ni furaha tu. Leo ni wiki ya tano tangu niolewe na bado nikiamka asubuhi namtazama Rodgers akiwa amelala na kujiuliza kama ni kweli. Anakoroma kidogo, shangazi, lakini kwa upole.

Mguu wa mzee Maundu unaendeleaje? Tulisikitika sana kwamba hamkuweza kutoka Voi kuja harusini, ila kitambaa ulichotuma ndicho kilichofunika meza ya keki, na kila mtu aliuliza kimetoka wapi. Baba anakusalimu. Anasema bado yuko kiwandani Athi River na mgongo unamsumbua. Mdogo wangu Kimeu anafanya mtihani wa kidato cha nne mwezi ujao na amekonda kama ufito.

Chumba chetu ni kimoja lakini kina dirisha linalotazama mlima. Hatuna meza, tunakula juu ya sanduku langu la shule, magoti yetu yakigusana, na mimi sitaki hata hiyo meza ije haraka.

Sasa nikwambie shida. Rodgers anafanya kazi kwa muuza mbao, na kila Jumamosi ananipa shilingi mia mbili za mboga na matunda. Anazihesabu mkononi mwangu halafu anaukunja mkono wenyewe. Lakini ikifika Jumatano zimekwisha! Nanunua kwenye kibanda cha karibu kwa sababu ndivyo tulivyozoea Athi River, kutumwa kibandani na kurudi. Sukuma wiki huwa na madoa ya manjano. Juzi nililipia kabeji kubwa, nikaipasua, ndani imeoza hadi kwenye kisiki. Nikapika sehemu iliyobaki, na Rodgers akala akisema hajawahi kula mboga tamu namna hii. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa mapenzi na kwa aibu.

Nataka ale vitu vibichi, vyenye afya, na pesa zibaki. Baba aliniambia zamani ulikuwa na meza yako ya vitunguu katika soko la hapa mjini, kabla hujahamia Voi. Nifundishe, shangazi. Nani mwingine nitamuuliza? Mama mkwe yuko Kathiani, na isitoshe, naona haya kumwambia kwamba sijui kununua kabeji.

Mwanao mwenye furaha kupita kiasi,
Syombua


Voi,
2 Oktoba 1997

Syombua,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili Maundu asikie habari ya kukoroma. Amecheka mpaka mguu ukamuuma. Unaendelea vizuri mguu huo, ila amekuwa mtu wa kukaa barazani na kuhesabu magari moshi, kana kwamba reli bado inamlipa. Mbuzi mmoja amezaa pacha. Joto la hapa unalijua.

Sikiliza basi. Sukuma usiitazame rangi tu, vunja shina. Likilia kaa! ni la leo. Likijipinda kama kamba, ni la juzi. Kabeji inapimwa kwa mkono, si kwa macho. Ndogo nzito ni bora kuliko kubwa nyepesi. Nyanya inuse pale ilipokatwa. Kunde watazinyunyizia maji zing'are, kwa hiyo ingiza mkono chini ya rundo. Kukiwa na joto huko chini, ondoka. Kitunguu kibonyeze shingoni, na kama shingo ni laini kitaota ndani ya wiki. Nunua kitu katika msimu wake, wala usimlilie Rodgers maembe mwezi wa saba. Ukifika nyumbani simamisha sukuma ndani ya beseni la maji kama maua, na karoti zifunike kwa gunia lenye unyevu.

Kuna jambo moja zaidi. Fika mapema, kabla mwenye meza hajauza hata kitunguu kimoja. Mteja wa kwanza harudishwi. Muuzaji akimwacha aondoke mikono mitupu, anaona siku yake yote imeharibika. Taja bei yako, usitabasamu, simama hapo hapo. Atakupa.

Hayo yanatosha. Mimi sasa siuzi chochote, na mambo ya soko la huko nimeyaacha huko. Ukiulizwa ni nani aliyekufundisha, sema umejifunza mwenyewe.

Msalimu Rodgers. Mwambie alale upande.

Shangazi yako,
Kalondu


Machakos,
26 Oktoba 1997

Shangazi wa dhahabu,

Kama ungekuwa karibu ningekubeba mgongoni! Sote wazima, Kimeu anaendelea na mtihani, mvua imeanza, na mlima umejificha. Rodgers anakushukuru na sasa analala upande. Nimekosa ule mkoromo, nimemwambia arudi alivyokuwa.

Nilifanya ulivyosema. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya mama mmoja mnene, mcheshi, anaitwa Mama Mueni. Alikuwa bado anapanga nyanya mafungu mafungu.

"Fungu ni ngapi?"

"Kumi."

"Tano."

"Ai, mama! Hata jua halijatoka na ushaanza kuniua?"

"Tano," nikasema, bila kutabasamu.

"Huyu ni bibi arusi wa nani, jameni? Ona vile mikono bado ni laini!" Wenzake wakacheka. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaona hakuna mteja mwingine. "Haya chukua. Chukua, nifungulie siku vizuri." Na akaniongeza nyanya mbili juu!

Nikaondoka nikielea. Halafu, shangazi, nikaona kitu ambacho nadhani hata wewe hukukifikiria. Mama wa meza ya pili naye alikuwa hajauza! Na wa tatu! Nikapita kwa wa vitunguu, nikapita kwa wa sukuma, nikapita kwa wa karoti, wa kunde na wa ndizi. Kila mmoja kidogo, kila mmoja nusu bei. Wanawake sita, na saa moja ilikuwa haijafika. Wote wananiambia, "Nifungulie, nifungulie." Nilijihisi kama ninafungua soko zima kwa mkono wangu.

Sasa naenda siku tatu kwa wiki. Tunakula kunde za asubuhi ile ile, ndizi, parachichi, na dania juu. Ngozi ya Rodgers imenawiri, kazini wanamtania kwamba amelishwa kitu. Ananiita Waziri wa Fedha. Kati ya zile mia mbili, wiki hii zilibaki sabini!

Nauliza mambo mawili. Naweza kuongeza meza zikawa kumi? Na mbona hutaki nikutaje? Ningependa kuwaambia kwa majivuno kwamba mimi ni mwanafunzi wa Kalondu.

Wako kabisa,
Syombua


Machakos,
30 Novemba 1997

Shangazi mpendwa,

Wiki ya tano sasa sijapata jibu lako. Wanasema barabara ya kuja huku kutoka pwani imekatika mahali pengi na hata reli imesombwa, kwa hiyo najipa moyo kwamba barua yako imelala ndani ya gunia fulani, na kwamba nyinyi ni wazima. Mvua hii siielewi. Hainyeshi, inamwagwa. Rodgers amefunika dirisha kwa mbao za bure kutoka kazini, na usiku ananifunika mimi.

Shangazi, kuna jambo linanichanganya, na sijamwambia hata yeye.

Jumatatu, wiki mbili zilizopita, nilifika sokoni kama kawaida. Mama Mueni aliponiona akavuta gunia akafunika nyanya. "Bado sijapanga," akasema, na hali zilikuwa zimepangwa. Nikaenda kwa mama wa sukuma. "Ngoja kwanza mtu mwingine anunue." Nikasimama. Wa vitunguu akageuza uso akaanza kuongea Kikamba cha haraka na jirani yake, kile cha ndani ambacho sisi wa Athi River hatukipati vizuri. Nilinyeshewa mpaka saa mbili. Mwanamume mmoja akaja akanunua kitunguu kimoja, kimoja tu, ndipo nikauziwa nami, kwa bei mara tatu!

Ijumaa ilikuwa hivyo hivyo. Mmoja akaniuliza, "Kwani jina lako ni nani?"

"Syombua."

Wakatazamana. "Ati aliyezaliwa wakati wa mvua," akasema mwingine, akaangalia juu. "Basi tumepona."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Hakuna mwingine aliyecheka.

Nimekosa wapi? Sinunui kwa deni. Simtukani mtu. Najua wateja ni wachache sokoni kwa sababu ya matope, na mizigo inaoza, lakini si mimi niliyeleta matope. Sasa nanunua dukani kwa Farhia, jirani yetu Msomali. Nilimuuliza kama naye ataniambia ningoje mteja mwingine, akashangaa. "Mimi nafunguliwa na Mungu," akasema. "Unataka tambi ya ngapi?" Farhia hauzi mboga. Leo ni siku ya nane tunakula tambi. Rodgers anasema ni tamu, na amepunguza mkanda tundu moja.

Nijibu, tafadhali, hata mistari miwili.

Syombua


Machakos,
28 Desemba 1997

Shangazi,

Bado kimya. Natumaini Krismasi ilikuwa njema huko na wale mbuzi pacha ni wakubwa. Kimeu amemaliza mtihani, analala kutwa nzima. Baba amenunuliwa shati na kiwanda.

Sisi tulikwenda Kathiani kwa mama mkwe, mama Ndinda. Nilifurahi mno njiani, nimeshika mkono wa Rodgers, vilima vyote kijani. Nikawaza nitachota maji, nitapika, nitachuma, wataona kwamba mtoto wao ameoa.

Nikapewa kiti.

"Kaa, mwiitu wakwa," mama mkwe akasema, yaani binti yangu. "Wewe ni mgeni."

Siku ya kwanza nilishukuru. Siku ya pili wote walikwenda kuchuma kunde na nyanya. Yeye huzipeleka soko la mjini Jumatatu na Ijumaa, anakaa upande ule mwingine, ndiyo maana sikuwahi kukutana naye huko. Nikasimama niende nao. "Kaa, kaa." Siku ya tatu nikachukua kiondo bila kuuliza nikaelekea kwenye nyanya. Tracy, mke wa kaka yake Rodgers, akanikimbilia, akakitoa begani mwangu polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Wacha tu," akasema, na macho yake yakaangalia chini.

Jioni nilimbana jikoni. "Tracy, niambie. Nimefanya nini?"

"Usiseme ni mimi nimesema."

"Sisemi."

"Sokoni wanasema uko na mkono mzito. Ati yule unamfungulia, hauzi. Mama Mueni ameozewa makreti mawili. Yule wa karoti amefunga kabisa. Na mama amesikia, kwa sababu anaketi huko. Hajasema kitu. Lakini hataki uguse nyanya zake. Anasema mwaka ukianza atakaa chini na Rodgers."

Shangazi, atamwambia nini? Kwamba alioa mkosi? Rodgers alikuwa nje anapasua kuni huku akiimba, hajui lolote. Nilimtazama nikashindwa kula. Mimi sijui mkono mzito ni kitu gani. Nimeitazama mikono yangu, ni ile ile. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimefanya Baiolojia, na bado usiku ule niliinawa mara tatu.

Ni wewe uliyenifundisha kufungua. Je, ulijua?

Syombua


Voi,
10 Novemba 1997

(Juu ya bahasha, kwa mwandiko wa Syombua: *Imefika 17 Januari 1998, ikiwa na alama za maji.*)

Syombua,

Hatujambo. Mvua imeingia jikoni. Naandika haraka kwa sababu gari la barua linaondoka leo na wanasema huenda ni la mwisho.

Wanawake sita? Acha mara moja.

Kosa ni langu, nilikwambia nusu. Mteja wa kwanza ana mama mmoja. Unamchagua mmoja, unakuwa wake, na anakujua. Na siku moja moja unamlipa alichotaja bila kuvuta bei, ili naye aone kwamba mkono wako unaleta kitu, hauchukui tu. Wewe umewakamua sita kila alfajiri, na mvua hii ikiendelea hakuna atakayeuza. Siku mbaya ikifika watakaa chini waulizane ni nani aliyewafungulia, na wote sita watataja mtu mmoja.

Rudi kwa yule wa kwanza, Mama Mueni. Lipa kumi yake. Hao wengine waendee saa tatu, kama watu wote.

Na usinitaje. Nimekwambia.

Kalondu


Machakos,
18 Januari 1998

Shangazi,

Barua yako imechelewa miezi miwili. Kila ulichosema kingetokea kimetokea. Zangu mbili za Novemba na Desemba labda ziko njiani, utazisoma.

Nashukuru kwamba mko salama. Sina habari nyingine za nyumbani.

Nimesoma barua yako mara nyingi na kuna mahali siwezi kupita. Ulijuaje kwamba watakaa chini na kutaja mtu mmoja? Hilo si jambo la kubahatisha. Unaandika kama mtu aliyeliona. Na mbona jina lako lisitajwe? Nikimuuliza baba anasema, "Mwulize mwenyewe," halafu anafungulia redio.

Mama mkwe hajaja bado. Kila mlango ukibishwa nashtuka. Jana Rodgers aliniuliza kwa nini siku hizi naficha mikono ndani ya kanga. Nikamwambia ni baridi.

Syombua


Voi,
4 Februari 1998

Mwanangu,

Zako tatu zimenifikia siku moja. Maundu mzima, mbuzi wazima, paa limerudishwa. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi.

Mwaka wa sabini na tisa nilikuwa na meza ya vitunguu katika soko hilo. Nilikuwa na mkono mwepesi, niliyemfungulia aliuza, ingawa najisifu mwenyewe. Wenzangu waliniita asubuhi niwafungulie, hata kwa kununua limau moja. Nilipenda kuitwa. Nikawafungulia wote, na kwa kuwa walinipenda, nikawa nawavuta bei, kama wewe. Kisha jua likawaka, hakuna mvua, hakuna pesa, mboga zikanyauka juu ya meza. Wakakaa chini, wakataja mtu mmoja.

Hakuna aliyenipiga wala kunifukuza. Walisogeza meza zao tu. Leo hatua moja, kesho hatua moja, mpaka mimi na vitunguu vyangu tukabaki peke yetu kama walioambukizwa. Baba yako alinishauri niondoke. Niliwaambia watu namfuata Maundu, amepata kazi reli ya Voi. Maundu ndiye aliyenifuata mimi, akatafuta kazi baadaye.

Unaniuliza kama nilijua. Nilijua. Lakini wewe ulikuwa na furaha sana katika barua ile, ulitaka kumlisha mtu wako vizuri, na mimi nilitaka nawe uipate ile raha ya kuitwa. Niliona mteja mmoja, meza moja, hakuna ubaya.

Kama mkono wangu ulikuwa mbaya kweli, sijui. Nasema kweli, sijui. Nina miaka kumi na tisa hapa na sijawahi kumfungulia mtu. Nanunua jioni, vilivyobaki.

Usifanye kama mimi. Usimngoje mama mkwe aje. Mwambie Rodgers leo. Kisha nenda Kathiani kwa miguu yako, umweleze mama yote mwenyewe, hata jina langu litaje. Mimi nilingoja waniulize. Hakuna aliyeniuliza.

Shangazi yako,
Kalondu


Machakos,
8 Machi 1998

Shangazi yangu, mama yangu,

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na moja Februari, na niliilia mpaka wino wa jina la Maundu ukaenea. Kabla sijasahau, baba anakusalimu. Nilimsomea ile sehemu ya ushauri wake. Alizima redio mwenyewe.

Nilimwambia Rodgers jioni ile ile. Nilimtolea mikono yangu kana kwamba nimeiba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo zile tambi zilikuwa za hayo? Mimi nilidhani ndivyo wanavyopika Athi River." Na akaishika mikono yote miwili, shangazi, akaiweka shingoni mwake, akasema mkosi wa aina hii aletewe hata miwili. Mungu wangu, nampenda.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda Kathiani peke yangu. Mama mkwe alikuwa barazani anachagua ndengu. Sikuketi kwenye kile kiti, nilikaa chini, kando ya ungo wake. Nikamweleza kila kitu: mia mbili, kabeji iliyooza, mama sita, nusu bei. Alitoa mawe kwenye ndengu bila kuniangalia.

"Nani alikufundisha?"

"Shangazi yangu. Kalondu."

Vidole vyake vikasimama. "Kalondu wa vitunguu?"

"Ndiye."

"Meza yangu ilikuwa ya tatu kutoka kwake," akasema. "Baadaye ikawa ya nne."

Akapepeta ndengu ambazo zilikuwa tayari safi, akasema, "Alinikopesha gunia la vitunguu nilipojifungua Rodgers. Na mimi nikasogeza meza." Kisha akainuka, akajikung'uta. "Rudi mjini, gari lisikuache. Kesho kuja sokoni saa kumi na mbili. Leta ishirini."

Sikulala. Asubuhi nilimkuta amehama upande wake, ametandika nyanya zake ubavuni kwa Mama Mueni, mafungu makubwa mekundu. Wote wakaniona nikija. Mama Mueni akashika gunia lake kufunika.

"Bibi ya Rodgers!" mama mkwe akaita, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde, na mimi nilikuwa hatua tano tu. "Kuja hapa unifungulie!"

"Ndinda," mama wa vitunguu akanong'ona, "unajua huyo ni nani?"

"Najua, niko na macho. Huyu ni mtoto wangu. Na ni damu ya Kalondu, kama mlikuwa mmesahau hilo jina mimi niwakumbushe. Kuja, mwiitu wakwa, miguu imeoza?"

Miguu ilikuwa imeoza. "Fungu ni ngapi, mwaitu, mama?"

"Ishirini."

Ishirini, shangazi! Hata kibandani si ishirini. Nikatoa noti, sikuvuta hata senti. Akaipitisha juu ya nyanya zote, fungu baada ya fungu, polepole, mpaka kila mtu ameona, akaiweka kifuani. Akanituma nikae nyuma yake nimfungie nyanya za wateja kwenye magazeti. Na nilizigusa, zote, mchana kutwa.

Saa nane Mama Mueni hakuweza kujizuia. "Umeuza, Ndinda?"

"Huoni? Nimemaliza." Na kweli meza ilikuwa tupu kabisa.

Jumatatu nilipopita, Mama Mueni aliniita. "Wewe bibi ya Rodgers, pitia hapa kwanza." Alitaja kumi, nikalipa kumi. Akaniongeza nyanya tatu. Mimi ni wake sasa, wengine nawaendea saa tatu na bado pesa hazifiki mwisho wa wiki, ila zinafika Ijumaa. Mama mkwe hajakaa chini na Rodgers hata sasa. Mimi nimepewa jembe, si kiti. Na amesema nikuandikie kwamba gunia lako la vitunguu bado analo deni lake, na hatalituma, utakuja kulichukua mwenyewe Pasaka, na ataketi nawe sokoni ukitaka kununua asubuhi.

Lakini nikwambie jambo ambalo Mama Mueni halijui, na ulichome karatasi hii ukishasoma. Siku ile matope yalikuwa mengi na watu walikuwa wachache. Kila fungu lililokaa sana juu ya meza, mama mkwe aliliteremsha kwa mkono wa kushoto, likaingia kwenye kreti chini, akafunika kwa gunia. Hakuuza hata nusu. Kama ni mkono wangu au ni mvua, sijui, naye hajui, nilimuuliza. Alichoniambia ni, "Shika upande huo. Inua kama kreti tupu."

Tukalibeba sisi wawili katikati ya soko zima, kreti limejaa hadi juu, likituvunja vidole, tukirusharusha miguu kama watu walioshinda kwa biashara. Mama Mueni akatupisha. Mama wa vitunguu akatupungia. Nilikuwa na furaha isiyo na kipimo, shangazi, nikawatabasamia wote, na mama mkwe, jasho likimtiririka, akaninong'oneza bila kugeuza shingo:

"Punguza meno, watajua."

Mwanao,
Syombua